Sanduku Lililoamkiwa

Laela, Jumapili, wenzako wakiwa kanisani

Mtani wangu Skola,

Barua huanza kwa kumjulia mtu hali. Hivyo ndivyo ninavyowafundisha watoto darasani, na anayesahau namkata maksi. Sasa nimekaa na kalamu mkononi na sijui nikuulize nini. Hali yako naijua. Nilikuwepo walipokushusha, na mimi ndiye niliyepaza sauti pale kaburini Izia nikasema Mfipa huyu amekufa makusudi ili asinirudishie sufuria yangu. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mama yako akanipa kuku ili ninyamaze, kama mtani anavyonyamazishwa msibani, nami nikanyamaza. Nimenyamaza msimu mzima. Kuku amekwisha, Skola, na mimi nina maneno.

Mimi ni mzima. Mvua ulizoondoka nazo zimekwisha, mahindi yamevunwa, na Laela imejaa malori ya wanunuzi. Kila mmoja anakuja na bei yake na debe lake lililotunishwa tumbo. Ule ushirika wetu uliokuwa ukinunua kila gunia umebaki ghala tupu, popo wamehamia. Mbolea imepanda, redio zimeshuka, na mdogo wako amefungua kibanda cha mitumba pale stendi, anauza makoti ya watu wa baridi kwa watu wa baridi. Bendera za vyama bado zipo, zimepauka. Ile ya chama cha mjomba wako wameishona kiraka. Ungekuwepo ungemcheka mpaka akuapize.

Lakini sikukaa hapa nikuandikie habari za mahindi. Skola, nimechaguliwa kwenda kuangalia uchaguzi ng'ambo ya mpaka. Mimi, Limi, binti wa mchunga ng'ombe! Nchi za ukanda wetu zinatuma watu wao kwa jirani, na serikali yetu imetaka katika kundi lake wawemo walimu wa huku mpakani wanaojua lugha za pande zote mbili. Jumatano napanda basi la Tunduma. Nimeshapewa kofia, fulana na kitambulisho chenye picha ambayo nimekodoa macho kama nimekanyaga msumari. Kila mtu ananipa ushauri. Mkuu wa shule ananiambia nisile chakula cha wagombea. Baba ananiambia nitazame bei ya ng'ombe. Mtu pekee ambaye ningemuuliza jambo la maana amelala Izia pembeni ya shamba la mahindi, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka tulivyoanza? Vyama vingi ndio kwanza vilikuwa vimeruhusiwa, na watu wa uwanda huu walikuwa wakiuliza kama sasa itabidi ndugu wagawane hata vijiko. Serikali moja ya nchi za mbali, nchi ya theluji, ikatoa fedha za elimu ya uraia, na kamati ya Sumbawanga ikatafuta wakufunzi wanawake. Tulikutana ukumbini kwenye semina. Wewe ulikuwa bibi maendeleo wa siku nyingi, sauti kama filimbi ya refa, na kila aliyechelewa ulimtaja kwa jina. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, mtoto wa wageni waliokuja na mifugo. Sikumbuki kama uliniamkia kwanza. Nakumbuka uliniuliza, "Wewe Msukuma, ng'ombe umewafunga wapi?" Nikakujibu kwamba nimewafunga kwenye ulezi wako. Ukumbi mzima ukaguna, wewe ukacheka ukanisogezea benchi. Kuanzia hapo hatukuachana.

Halafu likaja lile jaribio letu la kwanza, ambalo hata leo nikilikumbuka natabasamu peke yangu njiani. Tulitaka kuwaonyesha akina mama jinsi kura inavyopigwa. Wagombea wetu walikuwa Mahindi, Ulezi na Maharage, ili asikasirike mtu. Tukaweka sanduku la bati juu ya meza ndefu, na nyuma yake tukamkalisha mzee mmoja mwenye heshima zake awe msimamizi wa kituo. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka yule mama wa kwanza alipotoka kituturini, pale pa kujificha kuweka alama, na karatasi yake. Akaliangalia lile tundu la sanduku, akamwangalia mzee, akapita pembeni ya meza. Akapiga magoti, akapiga viganja taratibu kama mnavyoamkiana nyinyi, akamkabidhi mzee karatasi kwa mikono miwili. Na mzee naye, asije akaonekana hana adabu, akaipokea kwa mikono miwili, akaikunjua, akaisoma, akasema, "Ahsante sana mama, umechagua ulezi."

Nilidhani ni bahati mbaya. Akaja wa pili, akafanya vile vile. Wa tatu, maharage, akashukuriwa kwa maharage yake. Ukumbi mzima ulipiga kura ya siri namna hiyo, na kila mmoja alirudi kwenye kiti akiwa ameshukuriwa. Mimi nilitaka kupiga kelele kwamba wamekosea. Wewe ulinibana mkono. Ulimuuliza mama mmoja kwa upole, upole ambao sikujua unao, kwa nini hakutumbukiza. Akakujibu kwa kushangaa, "Nitupe kitu shimoni mtu mzima akinitazama? Kwani mimi nimelelewa wapi?"

Mkufunzi wa kutoka Dar es Salaam akasema tuwakataze kupiga magoti, kwamba mila hiyo inaua demokrasia. Nakumbuka ulivyomtazama. Hukubishana naye. Ulikwenda jikoni ukarudi na kigoda, kile kigoda chenu cha kumkalishia mgeni wa heshima. Ukakiweka mbali na mzee, ukutani, ukalikalisha sanduku juu yake. Ukawaambia, "Mwenyeji wa leo ni huyu. Mzee yule ni mlinzi wake tu. Mwamkieni mwenyeji, mumkabidhi yeye mwenyewe." Basi. Akina mama wakaja mmoja mmoja, wakapiga goti mbele ya sanduku, wakapiga viganja, wakasukuma karatasi tunduni kwa mikono miwili kama wanampa mtoto uji. Hakuna aliyekosea tena. Mzee alibaki hana cha kumshukuru mtu, na nadhani alisikitika kidogo.

Tulikizungusha kigoda hicho vijiji vyote tulivyopangiwa, mimi nimekipakata, wewe umepakata sanduku, tukigombana njia nzima juu ya nani ana mzigo mzito.

Siku yenyewe ya kura ndipo alipokuja Bi Marit. Serikali ile ya nchi ya theluji ilikuwa imetuma waangalizi, na mmoja wao akaangukia kituo chetu cha shule ya msingi, upande wa machungani kwa baba. Mvi kichwani, viatu vikubwa, macho yenye huruma nyingi mno. Msimamizi wa kituo alikuwa amekubali kigoda kitumike, kwa sababu sheria ilisema sanduku lionekane na watu wote na haikusema likae juu ya nini. Bi Marit alisimama mlangoni akaona wanawake wa Kifipa wanaingia mmoja mmoja, wanapiga magoti mbele ya sanduku la serikali, wanapiga viganja. Uso ukambadilika. Niliona ameona kitu ambacho hakikuwepo. Kwake yeye, mtu aliyepiga magoti anaogopa, hana namna nyingine.

Ndipo akaingia Bibi Yustina, shangazi wa mama yako. Mgombea mmoja wa siku ile alikuwa mtoto wa kaka yake, amemlea kwa mikono yake mwenyewe, na ukoo wote ulikuwa umeshaweka kikao na kukubaliana. Hakuna aliyemuuliza yeye. Akatoka kituturini, akakaribia kigoda, akaanza kushuka magotini polepole kwa sababu ya miguu yake. Karatasi ilikuwa mkononi haijakunjwa vizuri. Na Bi Marit, mama wa watu, kwa moyo wake mwema, akavuka chumba kwa hatua ndefu, akamshika mkono akamwinua. Alikuwa amejifunza Kiswahili chake kwenye basi. Akasema, "Simama, mama. Wewe uko huru."

Bibi akayumba. Karatasi ikamponyoka, ikaanguka sakafuni ikiwa wazi, alama juu.

Skola, nimeona mambo mengi tangu siku ile, lakini kama lile sijaliona tena. Mlango ulikuwa wazi na mstari mrefu umeangalia ndani, na katika mstari huo walikuwemo wakubwa wa ukoo wake. Kama ile alama ingesomwa, Bibi Yustina angekwenda wapi? Angekula kwa nani? Na mara watu wakageuka. Wote. Sikusikia mtu akitoa amri. Mstari mzima uligeuzia nyuso kwenye mlima, kama mnavyofanya nguo ya mtu mzima inapomvuka njiani. Mawakala wa vyama, waliolipwa wakodoe macho kutwa nzima, walikuwa wanatazama paa. Mimi nilitazama ubao ambao mtoto alikuwa ameandika hesabu za kujumlisha, na mojawapo ilikuwa na kosa.

Wewe peke yako ndiye uliyetakiwa kutazama, kwa sababu lazima mtu aiokote. Ulivua kanga ya mabegani ukaitupa juu ya karatasi, ukapiga goti, ukaikunja chini ya kanga, ukamrudishia bibi kwa mikono miwili. Msimamizi akakohoa akauliza kwa sauti ya kazi nani ameiona kura hii. Wakala wa kwanza akasema yeye alikuwa anahesabu mbao za paa. Wa pili akasema vumbi lilimwingia. Msimamizi akasema basi hakuna kilichoonekana, mama aendelee. Bibi Yustina akapiga magoti upya, akaliamkia sanduku kama hakuna kilichotokea, akatumbukiza kura yake, akatoka nje amenyoosha shingo.

Bi Marit alikuwa amebaki ukutani, mweupe zaidi ya alivyokuja. Nilidhani utampa vidonge vyake, na nilikuwa nasubiri kwa hamu, siwezi kukudanganya. Wewe ulimletea kiti. Ulimwambia mambo ambayo nilimtafsiria sentensi kwa sentensi, na ndiyo maana sijayasahau. Ulimwambia, "Sisi tukipiga magoti tunamheshimu tunayemwamkia, na leo tunaiheshimu kura yetu wenyewe. Ulikuwa hujui, na hukuuliza. Sasa kaa. Salimia. Uliza. Mtu usimguse. Na ukiona mtu anazuiwa mlangoni, hapo ndipo tutakuhitaji."

Sijui kama ulikuwa umeshawaona wanakuja. Labda uliona vumbi. Maana haukupita muda ndipo alipofika baba na wazee wengine wa kwetu, wametembea tangu asubuhi kutoka machungani, fimbo begani, kila mmoja na shahada yake ya kupigia kura ameifunga kwenye mfuko wa plastiki. Vijana waliokuwa wanapanga mstari wakawasimamisha. "Nyie wageni. Kapigeni kura kwenu mlikotoka na ng'ombe wenu." Baba akatoa shahada. Yule kijana, jitu refu lenye kofia, hata hakuitazama. Akasema shahada si kitu, ardhi ndiyo inayosema.

Hapo damu ilinichemka, nakiri. Baba yangu amelima na kuchunga uwanda huu tangu mimi nina meno ya utoto. Mama yangu amezikwa huku. Ningekwenda pale ningemzaba kibao, na kura zote za siku ile zingeharibika kwa mikono yangu. Ukanizuia kwa jicho. Ukamwinamia Bi Marit ukamnong'oneza kitu, naye akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Akanyanyuka akaenda mlangoni na viatu vyake vile vikubwa. Akasimama mbele ya yule jitu, akamwambia, "Shikamoo."

Mtani, yule kijana! Mama mwenye mvi, wa umri wa kumzaa mama yake, amemwamkia shikamoo mbele ya mstari mzima. Alitaka kuitikia, hakuweza. Alitaka kurudi nyuma, ukuta. Akavua kofia. Bi Marit akamuuliza kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Baba huyu ana karatasi. Kwa nini hapigi kura?" Akamgeukia msimamizi, shikamoo nyingine, swali lile lile. Akawauliza mawakala. Akauliza kuhusu mzee wa pili aliyefuata mstarini, na wa tatu, bila kupandisha sauti, kila mara anaanza na salamu. Msimamizi akafungua daftari lake la wapiga kura, majina yote ya kina baba yamo. Akasema kwa sauti kubwa waingie, na atakayezuia mtu mwenye shahada atajieleza kwake. Sauti hiyo alikuwa nayo tangu asubuhi, Skola. Alikuwa anahitaji mtu mmoja tu amuulize mbele ya watu.

Baba aliingia huku anatucheka. Alisema Wafipa mmeishiwa watu wa kuamkia mpaka mnaamkia makopo. Akatoka kituturini na karatasi yake. Akasimama mbele ya kigoda, akatazama huku na huku, akavua kofia yake ya majani, akaliamkia sanduku kwa Kisukuma, "Mwadila." Kisha akangoja kidogo, kana kwamba litaitikia. Wewe ukaitikia kwa niaba yake, kwa Kisukuma kibovu kuliko vyote nilivyowahi kusikia, na chumba kizima kikaangua kicheko, hata wakubwa wa ukoo. Baba anaisimulia mpaka leo. Anasema serikali iliwahi kumjibu mara moja tu katika maisha yake, na ilikuwa na lafudhi ya Kifipa.

Jioni tulikula nyumbani kwako Izia, ugali wa ulezi na maharage, Bi Marit amekaa mkekani miguu haijui pa kwenda. Akauliza, sasa serikali yangu iwasaidie vipi? Nilitegemea utataja magari. Ulimwambia uchaguzi ni kama mbegu, wao wanakuja siku ya kuvuna na mizani, wakati sisi tulikuwa tunahangaika na majani tangu mwaka jana. Ukamwambia waje mapema, wakae muda mrefu, waondoke wamechelewa. Alilia kidogo kwa ajili ya Bibi Yustina. Ukamwongezea maharage.

Miaka hiyo imepita. Sasa nikupe habari ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya nitafute karatasi.

Mwezi uliopita walikuja tena Sumbawanga watu wa ubalozi ule ule, kujiandaa na uchaguzi wetu unaokuja. Bi Marit amestaafu. Amekuja kijana mmoja, msafi, ana haraka, anajua mambo mengi ya kompyuta. Walitundika picha kubwa ukutani: mwanamke amesimama wima, kidevu juu, anatumbukiza kura kwa mkono mmoja wa kushoto. Chini imeandikwa, "Simama, uko huru." Akasema wakufunzi watakaolipwa na mradi watafundisha hivyo, na kigoda kiondoke, kwa kuwa kinatoa picha mbaya. Wenzangu wakainama wanaandika. Unajua tena, semina ina posho, na mkono unaokupa posho haubishiwi.

Nikanyoosha mkono. Nilisikia sauti ya filimbi ya refa ikitoka kinywani mwangu, nikashangaa imefikaje. Nikamwambia, mgeni wetu, karibu sana, lakini picha yako inamtukana shangazi wa watu. Nikamwambia mkono wa kushoto huku hatumpi hata mbwa. Nikamwambia serikali ikitaka kumsaidia jirani yake kuchagua, ifike kabla vyama havijapata bendera, na isiondoke mpaka mshindi ameapishwa na aliyeshindwa analala kwake salama. Imlipie mwalimu nauli ya kwenda kijijini, imsaidie hakimu asinunuliwe, imtetee mwandishi wa gazeti hata kabla hajafungwa. Isituchagulie mgombea. Na iwe na sauti moja kwa rafiki yake na kwa asiye rafiki yake. Mkubwa akifunga gazeti nyinyi mkanyamaza kwa kuwa anawauzia madini, msituletee fulana siku ya kura. Hapo mtu fulani nyuma alipiga meza. Nadhani ni yule padri mzee.

Kijana hakukasirika, namsifu kwa hilo. Alisema ana kitabu cha miongozo ya waangalizi, kinachotumiwa na serikali yake kila nchi wanayokwenda, na kwamba ndani yake wamefikiria sana heshima za wenyeji. Akakifungua atusomee, akatafsiri polepole. "Mwangalizi asimguse mpiga kura kwa sababu yoyote. Mwangalizi akae, asalimie, aulize kabla ya kudhani. Mtu anapozuiwa kupiga kura, aulize sababu mbele ya watu."

Skola.

Niliweka kalamu chini. Nilimuuliza nani aliyeandika maneno hayo. Akasema hajui, alipoanza kazi aliyakuta, anadhani yametungwa na wataalamu. Nikamwomba ayasome tena, akayasoma tena. Ni wewe. Kaa, salimia, uliza, usimguse. Yule mama aliyabeba kwenye viatu vyake vikubwa mpaka kwao kwenye theluji, akawasomea wakubwa zake, nao wakayapeleka kwa watu ambao sitawajua kamwe, nchi ambazo majina yake siwezi kuyatamka. Na wewe umekufa na presha yako kwenye zahanati isiyo na dawa, bila kujua.

Nililia pale pale, sikujificha. Halafu nikawasimulia kisa chote, kigoda, bibi, baba na mwadila yake. Yule kijana alisikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa. Alipomaliza kunisikiliza alikwenda ukutani mwenyewe akabandua ile picha, akaikunja. Akaomba aonyeshwe kigoda. Tumekubaliana picha mpya ichorwe hapa hapa Sumbawanga, na mafunzo yaanze sasa, si wiki ya mwisho. Na ndiye aliyependekeza jina langu kwa wakubwa wetu wanaotuma watu ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo safari hii umeniponza wewe.

Jana nilikuja Izia. Sikukuaga vizuri siku ile, nilikuwa na kazi ya kuchekesha watu. Nilimkuta Bibi Yustina kaburini kwako, amekula chumvi nyingi sasa lakini magoti bado yanakubali. Alikuwa amekupigia viganja. Tukakaa pamoja. Wewe na mimi tulilala chumba kimoja siku ngapi, tukasengenya nusu ya mkoa, na hata mara moja hukuniambia alama ya bibi ilikuwa kwa nani. Nilikutega kwa kila namna. Jana, bila mimi kumuuliza, bibi akaugusa udongo kwa kiganja akasema, "Huyu aliiona. Ameondoka nayo." Akaniomba nimsindikize nyumbani kwa yule mtoto wa kaka yake, ambaye hakushinda, na ambaye anamtunza vizuri, na anamwita mama.

Basi mtani, pumzika. Sufuria nimekusamehe. Nisalimie mama yangu, yuko huko siku nyingi, utamjua kwa kicheko. Mimi Jumatano naondoka na kofia yangu na kitambulisho changu cha macho ya kukodoa. Kigoda nakiacha kwa akina mama, kina kazi. Huko niendako sijui watu wanaipa vipi kura yao heshima. Pengine wanavua viatu. Pengine wanaimba. Pengine wanaogopa kweli, na hilo nalo nitapaswa kulijua na kulisema bila kumung'unya maneno, hata kama wakubwa wao ni marafiki wa wakubwa wetu.

Lakini nakuahidi, Skola, nikimkuta mtu amepiga magoti, nitapiga goti kando yake kwanza, nimuulize.

Mtani wako,
Limi